George S. Patton

George Smith Patton Jr. (San Gabriel, California, 11 Novemba 1885 – Heidelberg, Ujerumani, 21 Desemba 1945) alikuwa jenerali wa Jeshi la Marekani aliyepigana katika vita vyote viwili vya dunia. Anajulikana hasa kwa kuongoza Jeshi la Saba katika kisiwa cha Sisilia mwaka 1943, na Jeshi la Tatu lililovuka Ufaransa na kuingia Ujerumani miaka 1944–1945.

Watu wengi wanamkumbuka pia kwa rivolva zake zenye mipini myeupe ya pembe za ndovu. Mipini hiyo ilikuwa sehemu ya sura ya jemadari aliyoijenga kwa makusudi mbele ya askari wake. Sura hiyo ilimsaidia kuamsha ari ya majeshi yaliyokata tamaa. Lakini ukali huohuo, alipowageuzia askari wake mwenyewe waliokuwa wagonjwa, nusura umalize kazi yake.

Maisha ya awali

Patton alizaliwa katika familia yenye mali. Babu yake aliyekuwa na jina hilohilo alikuwa kanali wa jeshi la majimbo ya Kusini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, na alikufa kwa majeraha mwaka 1864. Babu yake mzaa mama, Benjamin Davis Wilson, aliwahi kuwa meya wa Los Angeles. Mtoto huyo alikua akisikiliza habari za vita na mashujaa, akapanda farasi na kupiga shabaha tangu udogoni.

Shuleni alipata taabu ya kusoma na kuandika. Mwaka 1903 alijiunga na Chuo cha Kijeshi cha Virginia, na mwaka uliofuata akahamia chuo cha kijeshi cha West Point, New York. Huko alilazimika kurudia mwaka wa kwanza kwa sababu ya kushindwa hisabati. Alihitimu mwaka 1909 na kupangiwa kikosi cha wapanda farasi. Mwaka 1910 alimwoa Beatrice Ayer, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1912 aliiwakilisha Marekani kwenye Michezo ya Olimpiki mjini Stockholm, Uswidi, katika shindano jipya la michezo mitano: kupiga bastola, kuogelea, kupigana kwa vitara, kupanda farasi na kukimbia. Alishika nafasi ya tano. Alama zilizomshusha zilitoka katika mchezo wa bastola, ambao alidhaniwa kuumudu. Alitumia rivolva ya risasi kubwa za .38, ilhali wengine walitumia risasi ndogo za .22. Waamuzi walihesabu kwamba baadhi ya risasi zake zilikosa shabaha kabisa. Yeye alishikilia kwamba zilipita katika matundu yaliyokwisha tobolewa na risasi zake za awali.

Baada ya hapo alisomea upanga Ufaransa, akawa mwalimu wa upanga katika shule ya wapanda farasi ya Fort Riley, Kansas. Alibuni upanga mpya wa jeshi wa mwaka 1913, wenye ubao ulionyooka, uliokusudiwa kuchoma kuliko kukata. Tangu ujana wake, basi, alikuwa mtu wa kuchunguza jinsi silaha inavyokaa mkononi.

Rivolva na mpini wake

Rivolva ni bastola ambayo risasi zake hukaa katika silinda inayozunguka, kwa kawaida yenye vyumba sita. Mpini wake ni kiunzi cha chuma kinachofunikwa kwa mabamba mawili, moja kila upande, yanayoshikwa na skrubu. Kwa kuwa mabamba hayo hufunguliwa kwa bisibisi, mwenye silaha anaweza kuyaondoa na kuweka mengine bila kugusa mitambo ya ndani. Ndiyo maana biashara ya mipini ya kubadilisha ni ya zamani karibu sawa na rivolva yenyewe.

Rivolva ya Colt ya mwaka 1873, iliyotengenezwa Hartford, Connecticut, ilianza kwa mpini wa mbao ya mjozi. Miaka ya 1880 kiwanda kilianza kutumia mpira mgumu uliofinyangwa na kuwekwa nakshi. Mpini huo ulikuwa rahisi kutengeneza kwa wingi, lakini ulivunjika ulipoanguka kwenye mawe. Mnunuzi mwenye fedha aliweza kuagiza pembe za ndovu au mabamba ya ganda la chaza linalometameta. Mipini ya namna hiyo haikumsaidia mtu kulenga vizuri zaidi. Ilikuwa pambo na alama ya cheo.

Pembe za ndovu zilizotumika Marekani katika karne ya 19 zilitoka Afrika kwa kiasi kikubwa, na nyingi zilipitia Zanzibar. Misafara ilizileta pwani kutoka bara, wapagazi wakizibeba mabegani, na wafanyabiashara Waamerika wakazipakia melini. Miji miwili ya Connecticut, Deep River na Ivoryton, ilikuwa vituo vikuu vya kuzichonga, hasa kwa ajili ya vibao vya piano. Jina la Ivoryton lenyewe linatokana na pembe hizo.

Meksiko, 1916

Mwaka 1915 Patton alipelekwa Fort Bliss, karibu na mji wa El Paso, Texas, mpakani mwa Meksiko. Mwezi Machi 1916 alinunua mjini humo rivolva ya Colt ya risasi za .45, yenye nakshi, iliyopakwa fedha na kuvishwa mipini ya pembe za ndovu yenye herufi za kwanza za jina lake. Wakati huo jeshi lilikwishachagua bastola mpya ya kujijazia risasi yenyewe, ile ya mwaka 1911. Kwa hiyo silaha aliyoichagua luteni huyo kijana ilikuwa tayari ya kizamani.

Mwezi huohuo wapiganaji wa Pancho Villa waliushambulia mji wa Columbus, New Mexico. Jenerali John J. Pershing alitumwa kuwafuata ndani ya Meksiko, na Patton akaomba aende naye kama msaidizi. Tarehe 14 Mei 1916 alikuwa ametumwa kununua mahindi akiwa na askari wachache katika magari matatu. Njiani aliamua kupita kwenye shamba la San Miguelito, ambako alishuku kwamba Julio Cárdenas, mmoja wa makamanda wa Villa, alikuwa amejificha. Wapanda farasi watatu walitoka mbio na mapigano ya risasi yakazuka. Wote watatu, Cárdenas akiwemo, waliuawa. Maiti zao zilifungwa juu ya magari na kupelekwa kwa Pershing. Tukio hilo hutajwa kuwa shambulio la kwanza la Jeshi la Marekani kufanywa kwa magari.

Magazeti yalimfanya Patton kuwa shujaa. Yeye alichora alama mbili za kisu kwenye mpini wa rivolva yake, moja kwa kila mtu aliyejihesabia. Kuanzia hapo mpini uliokuwa pambo ukawa pia kumbukumbu ya watu waliouawa.

Waandishi wa maisha yake wanaeleza kwamba mapigano hayo yalimpa funzo jingine. Kwa usalama, watumiaji wa rivolva ya aina hiyo walijaza risasi tano tu na kuacha nyundo ikae juu ya chumba kitupu. Risasi zikiisha, ilibidi maganda yatolewe na risasi mpya ziingizwe moja moja. Kufanya hivyo huku adui akifyatua ni hatari, na hapo ndipo lilipotoka wazo lake la kuwa na rivolva ya pili.

Vita vya Kwanza vya Dunia na miaka iliyofuata

Mwaka 1917 Patton alikwenda Ufaransa pamoja na Pershing. Huko alikuwa miongoni mwa maofisa wa kwanza wa Marekani kupangiwa vifaru, akaanzisha shule ya kuwafundisha askari wa vifaru karibu na Langres. Aliongoza vifaru katika mapigano ya Saint-Mihiel mwezi Septemba 1918. Tarehe 26 mwezi huo alipigwa risasi ya paja karibu na kijiji cha Cheppy, akaendelea kutoa amri akiwa amelala ndani ya shimo. Alitunukiwa nishani kwa ushujaa huo.

Baada ya vita jeshi lilipunguzwa, na Patton alirudi kwa wapanda farasi. Mwaka 1935, alipokuwa kazini Hawaii, alinunua rivolva yake ya pili maarufu. Hiyo ilikuwa Smith & Wesson ya risasi mpya za .357 Magnum, zilizoingia sokoni mwaka huohuo, yenye mtutu mfupi wa inchi tatu na nusu. Nayo ilivishwa mipini ya pembe za ndovu yenye herufi za jina lake.

Risasi za Magnum zilikuwa na nguvu kuliko risasi za kawaida za rivolva za siku zile, na kwa hiyo zilirusha mkono nyuma kwa kishindo. Hapo ndipo udhaifu wa mipini myembamba ulipoonekana wazi. Kati ya kifyatulio na mpini kulikuwa na uwazi, na chuma kilipiga kidole cha kati kila risasi ilipotoka. Katika miaka hiyo ya 1930 mafundi wa Marekani, miongoni mwao Walter Roper, walikuwa wakibuni mipini minene ya mbao iliyoziba uwazi huo na kujaza kiganja. Wengine waliuza vipande vidogo vya kuziba uwazi huo peke yake, huku mabamba ya kiwandani yakibaki. Kwa hiyo Patton alichagua pembe laini zinazong'aa wakati ufundi ulikuwa umeshaanza kwenda upande mwingine, wa kumfaa mpigaji kwanza na mtazamaji baadaye.

Afrika Kaskazini

Tarehe 8 Novemba 1942 Patton aliongoza majeshi ya Marekani yaliyoteremka pwani ya Moroko. Asubuhi ile mashua ya kumpeleka nchi kavu ilikuwa ikining'inia ubavuni mwa meli Augusta, ikiwa na mizigo yake. Kabla hajapanda, aliagiza aletewe bastola zake. Muda mfupi baadaye mizinga ya meli ilifyatuliwa, na kishindo chake kikaivunja mashua. Mizigo ikapotea, bastola nyeupe zikasalimika.

Mwezi Februari 1943 Wamarekani walishindwa vibaya na Wajerumani katika njia ya Kasserine, Tunisia. Tarehe 6 Machi Patton alikabidhiwa Kikosi cha Pili cha jeshi, ambacho askari wake walikuwa wamevunjika moyo. Alidai kila mtu avae kofia ya chuma na tai, hata mafundi na wahudumu wa nyuma, na waliokaidi walitozwa faini. Yeye mwenyewe alitembelea mstari wa mbele akiwa amevaa kofia inayong'aa, buti zilizopigwa rangi na rivolva kiunoni. Aliamini kwamba askari wanapaswa kumwona kamanda wao na kumtambua kwa mbali. Wiki chache baadaye kikosi hicho kilizuia vifaru vya Wajerumani huko El Guettar.

Waandishi wa habari waliipenda sura hiyo, lakini mara nyingi waliandika kwamba mipini yake ni ya ganda la chaza. Jambo hilo lilimkera. Aliwasahihisha kwamba ni pembe za ndovu, na kwamba mipini ya ganda la chaza inawafaa wahuni wa madanguro. Kosa lingine lililoenea ni kwamba alivaa rivolva mbili kila siku. Picha nyingi za vita zinamwonyesha akiwa na moja tu.

Sisilia na makofi ya hospitalini

Mwezi Julai 1943 Patton aliongoza Jeshi la Saba kuvamia Sisilia. Aliuteka mji wa Palermo tarehe 22 Julai na kufika Messina tarehe 17 Agosti, kabla ya Waingereza wa Jenerali Bernard Montgomery.

Ushindi huo ulitiwa doa. Tarehe 14 Julai, karibu na Biscari, askari wa jeshi lake waliwaua mateka wengi wa Kiitalia na wachache wa Kijerumani waliokwisha jisalimisha. Patton kwanza alitaka habari hizo zifichwe, ingawa baadaye wahusika walifikishwa mahakamani.

Tarehe 3 Agosti, akitembelea hospitali ya kijeshi, alimkuta askari asiye na jeraha ambaye alieleza kwamba hakuweza kustahimili vita. Patton alimpiga na kumfukuza nje ya hema. Baadaye ilibainika kwamba askari huyo alikuwa na malaria. Tarehe 10 Agosti, katika hospitali nyingine, alimpiga kofi askari mwingine aliyekuwa akitetemeka kwa sababu mishipa yake ya fahamu ilichoshwa na mizinga. Safari hii alichomoa bastola na kumtishia kumpiga risasi, mpaka daktari mkuu wa hospitali akaingilia kati.

Madaktari waliandika ripoti. Jenerali Dwight Eisenhower alimkaripia kwa barua na kumtaka aombe radhi kwa askari hao, kwa wahudumu wa hospitali na mbele ya vikosi vyake. Habari zilipotangazwa Marekani mwezi Novemba 1943, wengi walidai afukuzwe jeshini. Eisenhower alimbakiza kwa kuwa alimhitaji, lakini kwa miezi mingi Patton hakuongoza mapigano yoyote. Katika kipindi hicho alipewa jeshi la uongo huko Uingereza, lenye mahema na redio nyingi lakini askari wachache, ili Wajerumani waamini kwamba uvamizi wa Ufaransa ungefanyika Calais. Hila hiyo ilifaulu kwa sababu Wajerumani hawakutarajia kamanda kama yeye awekwe kando kwa ajili ya kofi.

Ufaransa na Ujerumani

Jeshi la Tatu la Patton lilianza kazi tarehe 1 Agosti 1944, likapenya kutoka Normandia na kuvuka Ufaransa kwa kasi mpaka lilipokosa mafuta karibu na mto Moselle. Mwezi Desemba Wajerumani walishambulia ghafla katika misitu ya Ardennes na kuuzingira mji wa Bastogne, Ubelgiji. Patton aligeuza sehemu ya jeshi lake kuelekea kaskazini kwa siku chache, katikati ya theluji. Tarehe 26 Desemba vifaru vyake viliwafikia waliozingirwa. Wanahistoria wengi wanaihesabu hatua hiyo kuwa kazi yake kubwa kuliko zote.

Usiku wa tarehe 22 Machi 1945 askari wake walivuka mto Rhine huko Oppenheim. Siku chache baadaye alituma askari wapatao 300 nyuma ya mstari wa adui kuikomboa kambi ya mateka ya Hammelburg, ambako mkwewe alikuwa mfungwa. Kikosi hicho kilisambaratishwa, na Patton alilaumiwa kwa kuhatarisha maisha ya watu. Mwezi Aprili aliitembelea kambi ya mateso ya Ohrdruf pamoja na Eisenhower, akaugua kwa aliyoyaona.

Baada ya vita alipewa kutawala Bavaria. Aliwaacha wanachama wa zamani wa chama cha Nazi katika ofisi za serikali na kusema hadharani maneno yaliyopunguza uzito wa makosa yao. Shajara zake zina maneno ya dharau dhidi ya Wayahudi walionusurika. Mwezi Oktoba 1945 aliondolewa katika uongozi wa Jeshi la Tatu.

Kifo

Tarehe 9 Desemba 1945, karibu na Mannheim, gari lililombeba liligongana na lori la kijeshi. Wengine waliumia kidogo tu, lakini Patton alivunjika shingo na kupooza. Alifariki hospitalini Heidelberg tarehe 21 Desemba. Alizikwa tarehe 24 Desemba katika makaburi ya askari wa Marekani huko Hamm, Luxemburg, pamoja na askari wake.

Mipini ya rivolva baada ya Patton

Baada ya vita mipini ya kubadilisha iliendelea kufuata njia ya matumizi. Kwanza ilienea mipini mikubwa ya mbao kwa wapiga shabaha. Baadaye makampuni kama Pachmayr na Hogue yalieneza mipini ya mpira laini, inayopunguza kishindo na isiyoteleza kwa jasho au mvua. Polisi wengi wa Marekani waliipenda, na mwishowe viwanda vya rivolva navyo vikaanza kuifunga kwenye silaha mpya.

Mipini myeupe haikutoweka, ila dutu yake imebadilika. Kuuawa kwa tembo wengi katika miaka ya 1970 na 1980 kulifanya nchi za Afrika Mashariki kudai ulinzi mkali zaidi. Mwezi Julai 1989 Kenya ilichoma moto tani 12 za pembe mjini Nairobi. Mwaka huohuo, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizotoa pendekezo hilo, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini ulipiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za tembo wa Afrika. Siku hizi anayetaka mpini unaofanana na wa Patton kwa kawaida hununua wa plastiki au utomvu mgumu uliotiwa rangi ya malai, wakati mwingine na mistari ya kuiga pembe halisi.

Kumbukumbu

Filamu ya Patton ya mwaka 1970, aliyoigiza George C. Scott, ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora na kuisambaza sura ya jenerali mwenye mipini myeupe kwa vizazi ambavyo havikumwona. Rivolva zake mbili zilihifadhiwa katika jumba la makumbusho lenye jina lake huko Fort Knox, Kentucky. Colt ya mwaka 1916 inajulikana kwa alama mbili zilizochorwa kwenye mpini wake, zinazowakumbusha wageni kwamba silaha ile haikuwa pambo tu.